Kipindi Alichokisahau Mwenze

Mwenze alijikuta ameketi kwenye benchi, kofia ngumu ya mchezo iko mapajani, matope yamemjaa hadi masikioni, na watu wanampigapiga mgongoni wakimpongeza. Alitazama ubao wa matokeo ng'ambo ya uwanja. Timu yake ilikuwa imeshinda ishirini kwa kumi na nne. Mara ya mwisho alipouangalia ubao ule, wageni ndio waliokuwa wakiongoza, na mapumziko yalikuwa hayajafika.

"Tumeshinda vipi?" alimuuliza Sudi, aliyekuwa anavua glavu pembeni yake.

Sudi alicheka. "Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyenifungulia njia mara zote mbili. Yule mnene wa jezi nyeupe ulimsukuma mpaka nikamwonea huruma."

Mwenze naye akacheka, kwa kuwa mwenzake alikuwa anacheka. Lakini akautazama tena ubao. Alikuwa amecheza kipindi kizima cha pili. Alikuwa amekimbia, amesukumana na watu, amesikia amri na kuzitii, na hakuna hata dakika moja ya hayo aliyoikumbuka. Kitu cha mwisho alichokuwa nacho kichwani ni goti la mtu likimjia usoni. Baada ya goti, benchi. Katikati hapakuwa na kitu chochote, hata giza.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya katikati ya mwezi wa tatu, mwaka 1998, mechi ya pili kati ya saba za msimu. Mwenze alikuwa na miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa Lubumbashi, mwanafunzi wa umeme katika chuo kimoja cha Brussels. Mchezo huu hakuja nao. Kwao alicheza kandanda kama watoto wote, na kwa umbo lake akawekwa golini na kusahauliwa hapo. Alikuwa mrefu na mpana wa mabega, mtu ambaye akiingia kwenye tramu wengine husogea bila kuombwa. Mwaka mmoja kabla, mzee mmoja Mmarekani alimsimamisha kwenye korido ya chuo, akamzunguka polepole kama anayetaka kununua kabati, kisha akamuuliza kwa Kifaransa kizito kama amewahi kuusikia mpira wa Kimarekani.

Mzee huyo ndiye kocha Harlan. Alikuja Ubelgiji na jeshi lake miaka mingi iliyopita, akaoa huko huko, akastaafu, na kwa sababu hakujua kukaa bure alianzisha timu ya wanafunzi iliyoitwa Hérons. Mpira wao ulikuwa na umbo la yai, na mtu anaweza kucheza msimu mzima bila kuugusa. Mwenze alikuwa mmoja wa hao. Alisimama mstari wa mbele, na kazi yake ilikuwa kumziba adui kwa mwili wake, upande wa kulia au wa kushoto, ili nyuma yake apite Sudi na mpira mikononi.

Sudi alikuwa Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, mwembamba, mwenye mbio za kutisha, aliyefika Brussels kama mkimbizi miaka mitatu nyuma pamoja na dada yake Rukiya. Yeye na Mwenze waligundua mapema kwamba Kiswahili chao, hata kama kila mmoja alikicheka cha mwenzake, kilikuwa silaha. Kabla mpira haujatoka, Sudi alikuwa anatamka neno moja kwa sauti, kulia, au kushoto, au katikati, na Wabelgiji waliokuwa wanawakabili hawakuambulia kitu. Kocha Harlan alilipenda jambo hilo hata akawafundisha wengine wote mstarini maneno hayo matatu.

Kumwambia Sudi kilichotokea kungekuwa rahisi. Walipanda basi dogo la timu pamoja, wakashuka pamoja Porte de Namur. Mwenze hakusema. Alijiambia ni uchovu. Kwenye tramu ya kurudi Berchem-Sainte-Agathe alijaribu kukivuta kile kipindi cha pili, kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta ufunguo, na kila alipopapasa akakuta mfuko mtupu, hofu ilizidi. Alishuka kituo kimoja kabla ya chake kwa kutojiamini, akatembea akisoma vibao vya mitaa aliyoipita kila siku kwa miaka miwili.

Aliishi na dada mdogo wa mama yake, maman Thérèse, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko. Maman Thérèse alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwaosha, akiwalisha, akiwageuza kitandani. Siku ile alimpakulia bukari, ugali wa kwao, na samaki, akamtazama anavyokula.

"Uko nakula kama muntu anaogopa sahani," alisema.

"Niko na choka tu, maman."

"Bon. Mi niko nakuangalia."

Wiki ya kwanza kichwa kiliuma asubuhi na kutulia mchana. Wiki ya tatu kilianza kuuma mchana pia. Mwenze alimeza vidonge vya maumivu na kuficha maganda yake ndani ya daftari la hesabu. Alijua kwamba mtu mwenye akili angekwenda kwa daktari. Alikuwa na sababu zake za kutokwenda, na usiku alizipanga upya kila mara. Mitihani ilikuwa mwezi wa sita, na akishindwa, kibali chake cha kuishi nchini kingekuwa mashakani. Baba yake kule Lubumbashi aliamini mwanawe anasoma tu, hajui habari ya kofia ngumu wala magoti ya watu. Tena Hérons, ambao mwaka uliopita hawakushinda hata mechi moja, walikuwa sasa wameshinda mbili mfululizo, kisha tatu, kisha nne, na kule chuoni watu wasiomjua walikuwa wanamwita kwa jina. Sababu hizi zote zilikuwa za kweli. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine aliyoikwepa hata akiwa peke yake: aliogopa kwamba akilisema jambo lile kwa mdomo wake, litakuwa limetokea kweli.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne maman Thérèse alimtuma Matonge, mtaa wa Wakongo, kununua vitu vya chakula. Aliingia duka la mama mmoja aliyeitwa Mujinga, pale Chaussée de Wavre, ambako alikuwa ananunua tangu afike. Akataja sombe ya majani ya muhogo, akataja unga, akataja mafuta ya mawese. Kisha akataka kutaja kitu cha nne na jina lake halikuwepo.

Maman Mujinga alingoja, mkono kwenye mzani. "Na nini tena, papa?"

Mwenze alikiona kile kitu. Kilikuwa mbele ya macho yake, kwenye boksi la samaki wakavu, bapa, cheupe kwa chumvi, harufu yake imelijaza duka. Alikuwa amekila tangu hajaota meno. Akakifungulia mdomo, na kilichotoka ni pumzi.

"Ile," alisema mwishowe, akionyesha kidole.

"Makayabu? Sema makayabu basi. Alors, umeanza kuwa mzungu?"

Wanawake wawili waliokuwa nyuma yake walicheka kwa upole. Mwenze alilipa, akasahau mfuko wa unga juu ya meza, akaenda kusimama kwenye mlango wa ofisi ya kutuma pesa huku akilirudiarudia neno lile kimoyomoyo, makayabu, makayabu, kama mwizi atalichukua tena. Alibaki hapo mpaka mlinzi wa ofisi akamuuliza kama anaumwa.

Mazoezini kocha Harlan hakuuliza mambo kama hayo. Katika chumba cha kubadilishia nguo alikuwa ametundika picha moja ya zamani, vijana thelathini na watatu wenye nywele fupi, timu ya chuo chake kidogo cha mashambani huko Marekani, msimu wa 1951. Kila aliyejiunga na Hérons alisimuliwa msimu ule kama Injili. Mechi tisa, ushindi tisa. Vyuo vikubwa vyenye viwanja vya saruji vilikuja kucheza nao kwenye shamba la mahindi vikarudi vimenyamaza. Mazoezini hawakunywa maji mpaka jua lizame.

"Mnajua tulishinda kwa nini?" aliwauliza jioni moja, vidole vyake viko kwenye fremu ya picha. "Hakuna hata mmoja aliyetoka uwanjani kwa kuumwa. Hata mmoja."

Mwenze alikuwa amekaa chini ya picha hiyo, kichwa kinagonga kwa ndani. Aliona macho ya mzee yakipita juu ya wote, yakamfikia yeye, yakakaa kidogo, yakaondoka haraka. Alidhani ameonekana. Lakini kesho yake kocha alimpanga kama kawaida.

Mechi ya sita ilichezwa ugenini, katikati ya mwezi wa tano, mvua nyembamba ikinyesha. Hérons walikuwa mbele kwa pointi sita. Sudi aliinama nyuma ya mstari, akatamka kwa nguvu:

"Kulia."

Neno lilimfikia Mwenze likiwa zima, herufi zote, sauti ya Sudi kabisa. Halikuwa na maana. Alijua ni neno, alijua ni la kwake, alijua linamtaka afanye kitu upesi, ila ndani yake hamkuwa na kitu. Mpira ukatoka. Watu wote wakasogea. Alibaki amesimama muda wa kupepesa jicho moja, kisha akaenda upande ambao mwili ulimpeleka, na haukuwa upande wenyewe. Mahali alipotakiwa kuwa pakawa wazi kama mlango, na kupitia hapo wakaingia wawili wa jezi nyekundu.

Alimsikia Sudi kabla hajageuka kumwona. Haikuwa kelele kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshangaa.

Walimkuta amelala ubavu, mkono umejikunja chini yake. Mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, ulikuwa umevunjika. Mfupa ulisukuma ngozi kwa ndani. Mwenze alipiga magoti kwenye matope.

"Nilisema kulia," Sudi alisema kwa shida, midomo imekuwa myeupe. "Hukunisikia?"

Hapo pia kulikuwa na nafasi ya kusema. Mwenze aliiona ikipita.

"Makelele," alijibu. "Sikukusikia, ndugu yangu. Makelele ya watu."

Waliokuja kutazama mechi ile hawakufika sitini, na kwa mvua ile wengi walikuwa wamenyamaza chini ya miavuli. Sudi alimtazama, kisha akafumba macho, wakampakia kwenye gari la wagonjwa.

Kuanzia siku hiyo Mwenze hakulala vizuri, na alipolala alilala kama jiwe. Hofu yake ilikuwa imebadilika. Mwanzoni aliogopa kitakachompata yeye. Sasa aliogopa mikono na miguu yake kama mtu anavyoogopa mbwa asiyemjua. Mkono wa kulia ulianza kumwangusha. Kalamu ilipanda juu ya mistari ya daftari. Kikombe kilimtoka asubuhi moja kikavunjika jikoni, na alipoinama kuokota vipande aliona maman Thérèse amesimama mlangoni, amevaa koti tayari kwenda kazini.

"Tembea," alimwambia.

"Maman, utachelewa."

"Nimesema tembea. Toka hapa, fika kwa dirisha."

Alitembea. Maman Thérèse hakuangalia uso wake, aliangalia miguu.

"Ule wa kuume unauburuta," alisema. "Kule kazini tulikuwa na muzee mumoja, monsieur Jérôme. Alianguka bafuni, akasema hapana neno. Baada ya mwezi anaangusha kijiko, anasahau jina ya bibi yake, mguu unaburuta vile vile kama yako. Damu ilikuwa inajikusanya mu kichwa pole pole." Akaiangalia miguu yake tena. "Ulianguka wapi?"

"Sikuanguka."

"Mwenze."

"Nitaenda kwa daktari Jumatatu. Jumapili kuko mechi ya mwisho. Jumatatu, maman, nakuapia."

Alikaa kwenye kiti bila kuvua koti. Hakufoka. Mwenze angependa afoke. "Mama yako alinipa mutoto mukubwa, muzima," alisema. "Sijui nitamuandikia nini." Akaondoka, na siku zote zilizofuata alimkatia nyama kwenye sahani kabla hajaombwa.

Jumapili ya mwisho wa mwezi wa tano Mwenze alikwenda Porte de Namur kama kawaida kusubiri basi la timu. Aliposhuka ngazi za metro mguu ulimkwama, akashika ukuta. Watu wakampita. Alijiambia: saa mbili tu za mchezo, kisha kesho. Moyo wake haukumwamini.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimejaa kelele. Anayeshinda siku hiyo ndiye bingwa. Sudi alikuwepo, mkono kwenye kitambaa, amekuja kutazama, na nafasi yake alipewa Dady, kijana wa Likasi wa mwaka wa kwanza aliyekaa benchi karibu msimu mzima. Dady alikuwa amevaa kila kitu nusu saa kabla ya wenzake. Alikuja akakaa karibu na Mwenze, akiwa na furaha iliyochanganyika na woga.

"Mukubwa, mi sina shida leo," alimwambia. "Niko nyuma yako. Nikisema kulia, unafungua, mi napita. C'est tout."

Mwenze alikuwa anahangaika na kamba ya kiatu. Vidole vya mkono wa kulia viliishika, vikaiachia, vikaishika, vikaiachia. Akamtazama Dady shingoni, pale kola ya jezi ilipokuwa imesimama vibaya, ngozi laini, mfupa mdogo wa mtulinga unaonekana. Akasimama na kiatu kimoja mguuni.

"Kocha," alisema.

Kelele ziliendelea. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na chumba kikatulia.

"Sitacheza. Dady akiniambia kulia, mimi sijui kulia ni wapi. Sijui tangu mechi iliyopita." Alisema hayo kwa Kifaransa. "Mechi ya pili niliumia kichwani. Kipindi cha pili chote sikikumbuki. Mkono huu haushiki kitu."

Sudi, aliyeegemea mlango, alikuwa anamtazama na mdomo uko wazi kidogo. Mwenze hakuweza kumrudishia macho.

Kocha Harlan alikuja mpaka karibu. Alikuwa na miaka sitini na saba, na katika hatua zile chache alionekana kuongeza kumi. Akamshika Mwenze kidevu, akamtazama jicho la kushoto, la kulia, tena la kushoto. Kisha akamgeukia msaidizi wake, Bertin, akamkabidhi karatasi za mechi.

"Timu ni yako," alimwambia. "Mimi nampeleka huyu hospitali."

"Kocha, ni fainali."

"Najua ni nini."

Ndani ya gari mzee aliendesha mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani. Walipita mitaa mitatu. Kwenye taa nyekundu alianza kuongea, akitazama mbele.

"Mwaka wa hamsini na moja tulikuwa na kijana aliyeitwa Walter. Alicheza nafasi yako. Alhamisi kabla ya mechi ya saba aliniambia anaona vitu viwiliviwili, akacheka, nami nikacheka. Jumamosi akacheza. Alimaliza mechi, akaenda kuoga, akalala chini bafuni. Hakuamka." Taa ikawa kijani, hakuona, gari la nyuma likapiga honi. "Tulicheza mechi mbili zilizobaki tukashinda. Ndizo zinazofanya tisa. Nimewasimulia tisa miaka yote hii, na Walter sijamtaja kwa mtu, hata kwa mke wangu."

Mwenze alisikia hofu ikimpanda upya, safari hii nzito, kwa kuwa sasa ilikuwa na jina la mtu. Aliuliza swali ambalo hakutaka kulijua jibu lake.

"Mimi uliniona? Mechi ile ya pili?"

Mzee alipunguza mwendo.

"Niliona macho yako ulipoinuka," alisema. "Yalikuwa hayapo. Nikajiambia, kijana huyu ni mgumu. Tena jioni ile chini ya picha nilikuona, nikageuka."

Mwenze alitaka kukasirika na hakupata nguvu. Aliegemeza kichwa kwenye kioo, akaanza kuhesabu miti ya barabarani ili asilale, maana aliona akilala ataishia kama Walter. Mara mbili alipotea kwenye hesabu.

Hospitali walimpitisha kwenye mashine, na daktari mwanamke akaja na picha mkononi. Aliongea taratibu. Damu ilikuwa imejikusanya kati ya fuvu na ubongo, upande wa kushoto, wiki nyingi, kidogo kidogo, na sasa ilikuwa inausukuma ubongo wenyewe. Wangetoboa tundu na kuitoa, siku hiyo hiyo. Pigo moja zaidi, alisema, na hakumaliza sentensi. Akampa karatasi atie sahihi. Mwenze aliishika kalamu kwa mkono wa kulia, akachora kitu kama mkia wa panya, na alipokiona machozi yakamtoka bila kupenda.

Maman Thérèse alifika na aproni ya kazini chini ya koti. Alimshika miguu kwanza, kisha uso. Halafu akamwona mzee aliyesimama koridoni, kofia mkononi, akamuuliza kwa Kifaransa safi, bila kupandisha sauti:

"Wewe ndiye kocha. Ulijua?"

"Nilijua, madame."

Alimtazama kwa muda mrefu. "Basi kaa hapo," alisema, akimwonyesha kiti cha plastiki. "Utangoja pamoja na mimi. Huendi popote."

Akakaa. Wakati wanamsukuma Mwenze kwenye kitanda cha magurudumu, aliwaona wawili hao kandokando, hawaangaliani, maman Thérèse akitembeza rozari, mzee ameinamisha kichwa. Taa za dari zilipita juu yake moja baada ya nyingine. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani, hata siku askari walipoingia bweni lake Lubumbashi. Alijaribu kusali, akaikuta sala ina mashimo katikati, akaisali hivyo hivyo na mashimo yake.

Aliamka. Muuguzi alimwonyesha saa, akamuuliza hii ni nini, naye akajibu kwa Kiswahili, saa, na muuguzi asiyejua Kiswahili akaandika kwamba mgonjwa anachanganyikiwa. Maman Thérèse ndiye aliyemsahihisha, na kusema baadaye kwamba hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kucheka tangu mwezi wa tatu. Mkono ulirudi polepole, wiki hadi wiki. Kwenye fainali ile Hérons walifungwa thelathini na nne kwa sita. Dady alikimbia kwa woga akatoka mzima. Kocha Harlan aliandika barua kwa chuo akieleza alichokiona na alichonyamazia, akaacha kufundisha. Alikuja mara moja kumwona Mwenze, wakaongea habari za mvua.

Siku ya tatu baada ya upasuaji Sudi alikuja na chupa za juisi. Mwenze hakungoja aulizwe.

"Siku ile nilikusikia," alimwambia. "Hapakuwa na makelele. Nilikusikia vizuri, na sikuelewa, na nikakudanganya huku umelala kwenye matope."

Sudi aliweka chupa chini. "Ungeniambia mwezi wa tatu, ningekubeba mwenyewe kwa daktari," alisema. "Ungeniambia hata asubuhi ile." Alisimama kidogo, bega lake lililoumia liko chini kuliko lingine, kisha akatoka.

Mwenze hakufanya mitihani ya mwezi wa sita. Daktari aliandika cheti, na baada ya safari tatu kwenye ofisi ya wilaya kibali kiliongezwa mwaka mmoja ili arudie darasa. Alimpigia baba yake simu, akamwambia yote. Baba akauliza kama Thérèse yupo karibu, akaomba aongee naye. Kichwa kiliacha kuuma. Hofu haikuisha. Hata sasa neno likichelewa kidogo, lolote lile, kijiko, Jumatano, jina la mtu, alisimama na kushika kitu kilicho karibu mpaka lije. Mara nyingi lilikuja.

Sudi alirudi mwezi wa saba, Jumapili mchana, bila taarifa. Maman Thérèse alimpakulia, akala, akauliza habari za makovu, akaonyeshwa kovu la kichwani, naye akafungua shati kuonyesha la kwake. Walipobaki wawili alizungusha glasi mezani kwa muda.

"Sijakusamehe sawasawa," alisema. "Rukiya ndiye aliyenifukuza nyumbani. Amechoka kuniona nimenuna."

"Njoo hivyo hivyo," alisema Mwenze.

Sudi alivuta sahani ya samaki karibu yake tena. "Hawa ni wazuri," alisema. "Wamebaki wengine?"